Mashine Iliyolia Bila Jiwe

Sehemu ya Tano

Mashine ilikuwa inalia, na mezani hapakuwa na jiwe hata moja.

Hapo ndipo nilipowaachia Jumamosi iliyopita. Aliyechelewa kuungana nasi ajue haya tu. Mimi ni Mwongeli, binti wa marehemu Nzau wa Kilaani, mashariki ya Thika. Nilikuwa mwalimu, nikafukuzwa shule kwa kumjibu mkubwa wangu. Mwaka wa 1957 nikaajiriwa na Bwana Pellow, Mzungu aliyekuja na hema, lori, na kisanduku cha chuma chenye bomba, mashine ya kulia ikikaribia mawe ya nguvu za atomiki aliyokuwa akiyatafuta. Nilianza kwa kuosha mawe na kuyaandika namba. Aliposikia Kiingereza changu akanifanya mkalimani wake.

Kwa kinywa changu mimi, watu wangu walielezwa kwamba mtambo wa umeme utajengwa Mugutha, kule Ruiru. Kwamba jiwe dogo kama punje ya hindi litawasha Thika nzima. Kwamba viwanda vitajipanga kutoka mto Chania hadi stesheni ya Ruiru, na watu wa Kilaani ndio watakaoandikwa kazi kwanza, bora wahame kilimani ili kichimbwe. Nyumba arobaini zikatia kidole gumba kwenye karatasi za kuhama. Walitakiwa wawe wamehama kabla ya mvua.

Msomaji mmoja wa Makongeni ameniandikia kwamba mwanamke mwenye haya hangeyaweka mambo kama haya gazetini. Namjibu hapa hapa. Haya ninayo, ndiyo maana naandika.

Turudi hemani.

Ilikuwa saa sita mchana. Bwana Pellow alikuwa amekwenda posta Thika, nami napangusa meza yake. Nilisogeza kile kisanduku, kikaanza: ta, ta, tatatata. Sauti ileile iliyowafanya wazee wetu wavue kofia.

Nilidhani nimekiharibu. Nikakivuta nyuma, kikanyamaza. Nikakisogeza mbele tena, kikalia.

Mbele yake palikuwa na gazeti lililokunjwa. Nikalifunua. Chini yake kulikuwa na saa kubwa ya kijeshi, haina mkanda, namba zake zimepakwa rangi ya kijani hafifu.

Niliipeleka saa ile mpaka mlangoni mwa hema, nikarudi kusikiliza. Kimya.

Nikachukua jiwe namba kumi na nne, lile ambalo Bwana Pellow aliliita moyo wa Kilaani. Kimya. Namba tisa. Kimya. Nilipima mawe yote ya gunia lile, mawe niliyoyaosha kwa mikono yangu, na hakuna hata moja lililosema neno. Nilipoileta saa karibu, mashine ikaimba.

Nikakaa chini.

"Mwalimu, rudisha hiyo saa ulipoitoa."

Alikuwa Nicanor, dereva wa lori, mtu wa upande wa ziwa, aliyepigana Burma na sasa anaishi Makongeni na mkewe Selpha. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Unaijua hii ni nini?" nikamuuliza.

"Saa ya jeshi. Tulikuwa nazo kwenye magari. Ile rangi inang'aa gizani. Fundi wetu alitukataza kuikwangua, alisema ina sumu ya aina ileile inayoiliza mashine kama hiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nina watoto watatu, na kitabu changu cha kazi kina sahihi yake." Akaniangalia sawasawa. "Lakini mimi nilinyamaza tu, Mwalimu. Wewe ulikuwa unasema. Sasa niambie, ni nani kati yetu aliyewatoa watu wako kwao?"

Jibu la swali hilo hata leo ninalo nusu tu.

Tulisikia gari dogo la Bwana Pellow likipanda. Nicanor akatoka haraka. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kuirudisha saa chini ya gazeti, kupangusa meza na kuendelea kula mshahara wangu. Sikuirudisha. Alipoingia alinikuta nimeishika.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alivua kofia, akakaa juu ya kitanda chake, akazungumza nami Kiingereza cha taratibu kama mtu anayemwelewesha mwanafunzi.

"Mwongeli, wewe umesoma. Huko kwetu mwaka jana tu wamewasha mtambo wa namna hii, na umeme wake unapika chai. Unadhani ulianza vipi? Ulianza kwa watu kuamini kabla hawajaona."

"Kwa hiyo chini ya kilima hamna kitu."

"Kipo. Nina hakika kipo, chini sana. Lakini wenye uwezo wa kuchimba hawaji mpaka wasikie mashine ikilia. Mimi nawasaidia kusikia."

"Na watu wangu mnawasaidia kuhama."

"Watu wako watapata taa, hospitali, barabara. Utakuwa karani mkuu Mugutha. Mwanamke wa kwanza. Sema tu kile ninachokupa useme, kama ulivyofanya mpaka sasa."

Nakiri mbele yenu kwamba niliiona ile meza ya karani. Niliona hata taa juu yake. Ilidumu kama pumzi moja.

"Siku ya baraza la Ruiru, utakapowaonyesha wenye fedha mashine yako," nikamwambia, "nitasema ninachokijua."

Akatabasamu kidogo. Akanyoosha mkono, nikampa saa yake, kwa sababu ilikuwa yake. Kisha akatoa karatasi, akaandika huku akinisomea kila mstari. Kwamba mfanyakazi wake Mwongeli Nzau ameiba saa na kutoroka. Kwamba mwanamke huyo amekuwa akichochea watu.

"Hali ya hatari haijaondolewa bado," akasema akiilamba bahasha. "Watu wanawekwa kizuizini kwa maneno machache kuliko haya. Nenda nyumbani. Ukikaa kimya, barua hii itabaki mfukoni mwangu."

Nikaenda nyumbani.

Nilipofika, mama yangu Mbithe alikuwa anapepeta mbaazi, na baba mdogo Kaleli, ndugu wa marehemu baba, ameketi kwenye kigoda akinywa uji. Nikawaambia yote. Saa, mashine, mawe bubu, barua. Sikujisetiri.

Nilitegemea baba mdogo ainuke ashike fimbo. Aliinuka kweli, lakini kunielekea mimi.

"Mwezi wa tatu ulisimama pale kanisani," akasema, "ukatuambia mawe yetu yana moto. Leo unasema hayana. Tukushike wapi?"

"Nilikuwa natafsiri, baba mdogo."

"Mimi sikumsikia Mzungu. Nilikusikia wewe. Wale arobaini walitia kidole kwa sauti yako."

"Ndiyo maana nataka kuirudisha."

"Huwezi kuirudisha. Na mimi sitaki." Akanionyesha viganja vyake. "Nimebeba mkonge tangu nikiwa kijana. Nimewaona wajukuu wangu wakisoma kwa kibatari mpaka macho yakawa mekundu. Nataka umeme, Mwongeli. Nataka kiwanda kwetu, si kwenda kulala kambini Ruiru kuchuma kahawa ya mtu. Ukienda kwenye baraza kuniharibia, usiniite tena baba."

Akaondoka. Uji ukabaki.

Katika Kilaani nzima mama peke yake hakutia kidole gumba, na hakuwahi kunieleza kwa nini. Nikamuuliza pale.

"Kwa sababu nilikuzaa," akasema. "Najua sauti yako ukiwa unasema jambo unaloliamini. Siku ile kanisani haikuwa hiyo."

"Na leo?"

Alimwaga makapi, akatikisa ungo.

"Leo ndiyo yenyewe. Baraza ni lini?"

Alhamisi asubuhi mama alivaa viatu vyake vya kanisani, tukapanda treni ya Thika, daraja la tatu, tukashuka Ruiru. Viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai karibu na stesheni. Mbele walikaa walowezi na wake zao, nyuma yao wenye maduka wa Ruiru na Thika, na nyuma kabisa, kwenye nyasi, watu wa Kilaani walioletwa na lori la Nicanor. Baba mdogo Kaleli alikuwa mstari wa kwanza wa nyasi, koti amelivaa, mfuko wa kitani magotini. Aliniona. Akageuza uso.

Sikufika hatua kumi. Askari mmoja alinishika mkono.

"Wewe ndiye Mwongeli Nzau? Unatafutwa."

Barua haikuwa imebaki mfukoni.

Bwana D.O., ofisa wa serikali wa tarafa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha katikati, kijana mwembamba aliyeungua pua kwa jua. Nikapaza sauti kabla askari hajanivuta.

"Bwana D.O., ni mimi mwizi wa saa. Nimejileta mwenyewe. Naomba kuuliza swali moja."

Watu wakageuka. Bwana Pellow akasema kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyu ni mgonjwa. Bwana D.O. akanitazama, akamtazama mama na viatu vyake, akasema kwa Kiswahili, "Mwache aulize."

"Bwana Pellow ameandika kwamba nimeiba saa yake. Kama nimeiba, haiwezi kuwa hapa. Basi na itafutwe. Ikionekana hapa mbele yenu, mwizi ni nani?"

"Saa inahusiana nini na mkutano huu?" akauliza Bwana D.O.

"Saa ndiyo inayolia, bwana. Si mawe."

Minong'ono ikapita kwenye viti. Nilimwona mlowezi mmoja akiweka chini kikombe chake. Bwana Pellow akacheka, akavua koti lake, akamkabidhi Bwana D.O. Akageuza mifuko ya suruali ikaning'inia kama masikio. Akachukua gunia la mawe, akalimwaga lote mezani mbele ya watu.

Hapakuwa na saa.

Akawasha mashine, akaliinua bomba juu ya yale mawe. Ta, ta, tatatata. Ikalia kuliko nilivyowahi kuisikia.

Watu wa viti wakapiga makofi. Kule kwenye nyasi wakacheka, kicheko cha watu waliopumua baada ya kuogopa. Nilisikia jina langu likitupwa huku na huku. Askari akanishika tena, mara hii kwa nguvu.

"Umeridhika?" akaniuliza Bwana D.O., na sauti yake haikuwa mbaya.

"Sijaridhika."

"Basi utaridhikia kituoni."

"Nitaridhikia popote, bwana, lakini mawe haya nimeyaosha mimi, na yamekufa. Mkinifunga mwaka, nitatoka nikisema yamekufa."

Mama yangu alikuwa amesimama kando yangu. Hakulia. Aliushika mkono wangu mwingine, ule ambao askari hakuwa nao, kana kwamba tunagawana.

Hapo Nicanor akatoka kwenye lori.

Alitembea polepole, akapita katikati ya viti vya Wazungu kana kwamba ni njia ya kwake, akafika mezani. Bwana Pellow akamwambia, "Rudi kwenye gari." Nicanor akavua kofia.

"Bwana D.O.," akasema, "meza hii nimeibeba mimi leo asubuhi. Aliniambia niiweke taratibu. Kwa nini meza ya mbao iwekwe taratibu?"

Akaishika ukingoni, akaipindua.

Mawe yakamwagika kwenye nyasi. Na chini ya ubao, imefungwa kwa utepe mweusi wa fundi wa umeme, ilikuwa saa ya kijeshi yenye namba za kijani.

Nicanor akaibandua, akaenda nayo hatua thelathini, mpaka reli. Bwana D.O. akalichukua bomba mwenyewe, akainama juu ya yale mawe pale chini, moja baada ya jingine. Namba tisa. Namba kumi na nne. Mashine ikakaa kimya kama mtu aliyekatazwa.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi. Nilimtafuta baba mdogo kwa macho, nikaona uso wa mzee aliyezimiwa taa kabla haijawashwa.

Mambo yakaenda upesi. Walowezi walisimama wakasema kwa pamoja. Askari aliniachia, akasimama karibu na Bwana Pellow, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti chake akiangalia mikono yake. Bwana D.O. akatangaza kwamba karatasi za vidole gumba za Kilaani hazina nguvu, hakuna atakayehama. Nikawatafsiria watu wangu maneno hayo kwa Kikamba, neno kwa neno, na safari hii sikuona aibu ya sauti yangu.

Nicanor alirudi akasimama kando yangu, kofia mkononi.

"Kazi imekwisha," akasema. "Selpha atanifukuza."

"Mwambie mimi ndiye niliyekuponza."

"Nitamwambia nilijiponza mwenyewe. Atanielewa zaidi."

Bwana D.O. alikuwa ameshaanza kuifunga ile mashine kwenye sanduku lake. Wakati huo baba mdogo Kaleli akainuka kutoka kwenye nyasi.

"Msifunge," akasema kwa Kiswahili chake kizito. "Nilikuja na langu."

Akafungua mfuko wa kitani, akatoa jiwe. Lilikuwa jeusi, zito, kubwa kama ngumi mbili. Halikuwa na namba yangu. Sikuwahi kuliosha.

"Mara tatu nimempelekea huyu Mzungu," akasema akimwonyesha Bwana Pellow kwa kidevu. "Mara tatu alisema hana nafasi. Alikuwa na mawe yake ya kuchezea. Pimeni hili, nijue moja."

Mtu mmoja kwenye viti akacheka. Bwana D.O. hakucheka. Nadhani alimhurumia mzee. Akafungua sanduku tena, akawasha, akalishusha bomba.

Nilitazama kwanza reli. Saa ilikuwa kule juu ya kokoto, peke yake, hatua thelathini.

Mashine ikaanza taratibu. Ta. Ta. Kisha ikajikusanya, ikalia mfululizo, kali, bila kupumua, mpaka Bwana D.O. mwenyewe akaruka nyuma. Akalitoa bomba, ikanyamaza. Akalirudisha, ikalia. Bwana Pellow alikuwa amesimama, mdomo wazi, machozi machoni. Mtu yule alikuwa ameamini kweli. Alikuwa tu hajatafuta.

"Jiwe hili limetoka wapi?" akauliza Bwana D.O.

Baba mdogo akamjibu, lakini kwa furaha Kiswahili kilimtoroka. Alijibu kwa Kikamba, haraka, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu baba yangu azikwe. Alisema limetoka shambani kwa shemeji yake Mbithe, pale chini ya boma la mbuzi, walipokuwa wakichimba shimo la choo, na kwamba mengine kama hilo yapo mengi, ukichimba kidogo tu unayakuta.

Mama alisikia. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

Bwana D.O. akanigeukia. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Mwongeli. Anasema nini?"

Nilikuwa nimesimama pale kama mtu aliyetakaswa. Dakika chache zilizopita nilikuwa mwanamke wa pekee mkweli katika Ruiru yote. Niliona waya za umeme zikienda mpaka Kilaani, wajukuu wa Kaleli wakisoma chini ya taa. Niliona pia ua wa senyenge kuzunguka boma la mbuzi, na mama yangu nje ya ua, na viatu vyake vya kanisani.

Walikuwapo watu arobaini kwenye zile nyasi waliomsikia baba mdogo vizuri kabisa. Kila mmoja alijua Kikamba. Wengi walijua na Kiswahili.

"Anasema aliliokota njiani, bwana," nikasema. "Hakumbuki ni wapi."

Kalamu ikaandika. Kwenye nyasi hakuna aliyekohoa. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, nikaanza kuamini kwamba watanyamaza wote.

Kisha baba mdogo Kaleli akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akamtazama mama yangu, akanitazama mimi, na akamgeukia Bwana D.O.

"Bwana," akasema, kwa Kiswahili safi ambacho sikujua anacho, "mimi mwenyewe naweza kusema."